Nani Alibeba Hema la Congo Bongo?

Mchezo wenyewe unaanza kwa utani wa moto. Mzungu wa safari, pua nyekundu, amejilaza ndani ya hema lake porini. Gorila mkubwa aitwaye Bongo ananyata mpaka hapo, analitia hema moto, kisha anafurahia kumwona mwenye hema akitoka mbio nyayo zikimuungua. Baada ya hapo ni kufukuzana tu: mlima, ziwa lenye nyoka, uwanda wa vifaru, bwawa la viboko, hadi mzungu amfikie gorila na kumlipizia kwa moto uleule. Halafu yote yanaanza upya, kwa kasi kubwa zaidi. Huo ndio Congo Bongo, mchezo wa video uliotolewa na kampuni ya Sega ya Japani mwaka 1983, enzi za mashine kubwa za kutumbukiza sarafu.

Nimerudi kuucheza siku hizi, kwenye simu, kwa programu inayoiga mashine za kale. Na kwa kuwa milima ninayoiona nikitazama kaskazini ya Goma ndiyo milima ya gorila wa kweli, kuna swali moja ambalo mchezo haulijui na mimi siwezi kuliacha. Hema lile, kabla halijaungua, nani alilibeba mpaka pale?

Jibu linaanzia Kibumba, na asiyeifahamu aijue kwanza. Ukitoka Goma kwa barabara ya Rutshuru unapanda kaskazini kilomita zaidi ya 20, Nyiragongo ukiwa umeuacha mkono wa kushoto, na kuliani umesimama Mikeno, mlima wenye kilele cha mawe kama jino, mita 4,437 kutoka usawa wa bahari. Hapo katikati ndipo Kibumba. Ni baridi. Udongo ni mweusi, wa volkano, na unatoa viazi, kabichi, karoti na vitunguu vinavyolisha masoko ya Goma. Mashamba yanapanda mteremko mpaka yanapogusa mpaka wa Hifadhi ya Virunga, na ng'ambo ya mpaka huo, ndani ya mianzi na ukungu, wanaishi gorila wa milimani. Kama kuna mahali duniani ambapo maneno mawili yaliyobandikwa kwenye mashine ya Sega, Congo na gorila, yanakutana kweli, ni pale juu.

Nianze na mchezo kama mchezo, maana tukiujadili kwa siasa peke yake tutakuwa hatuutendei haki.

Mwaka 1981 Nintendo ilitoa Donkey Kong: nyani mkubwa juu, mtu mdogo chini, mapipa yanaporomoka. Dunia ikawehuka. Programu ya Donkey Kong iliandikwa kwa msaada wa kampuni nyingine ya Japani, Ikegami Tsushinki, na baadaye pande hizo mbili zikafikishana mahakamani kuhusu nani mwenye haki ya kazi hiyo. Watafiti wa michezo ya kale wanaihusisha Ikegami hiyohiyo na Congo Bongo. Kwa hiyo ukiona Bongo anafanana mno na Donkey Kong, usishangae. Yawezekana mikono ni ileile, safari hii ikimfanyia kazi mshindani. Sega nayo ilikuwa imetamba mwaka 1982 na Zaxxon, mchezo wa ndege uliochorwa kwa mtazamo wa mshazari, kana kwamba unaangalia meza kutoka kwenye kona ya dari. Ukichukua gorila wa huku na mshazari wa kule, unapata Congo Bongo.

Na kwa macho tu, ni mzuri. Mlima wa hatua ya kwanza umepangwa kwa matuta ya kijani, maji yanatiririka, vivuli vimewekwa kwa ustadi, na kwa mashine ya wakati ule ni kazi ya kuheshimika. Bongo amekaa juu anarusha nazi. Vinyani vidogo vinakurukia na kukung'ang'ania mgongoni, na usipoviondoa kwa kurukaruka vitakuangusha. Hapo kuna akili.

Ugomvi wangu na mchezo huu ni miguu. Kwa sababu ya ule mshazari, huwezi kuwa na hakika jiwe unalolirukia liko mbele yako au liko chini yako. Unaruka ukiamini, unatua hewani. Kwenye mashine ya asili walau ulikuwa na kijiti cha kushika. Kwenye kioo cha simu ni mateso matupu. Donkey Kong ukifa unajua kosa lako. Congo Bongo ukifa unalaumu mchoraji. Nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya Bongo kusahaulika. Uliingizwa kwenye konsoli za nyumbani karibu zote za wakati ule, Atari, ColecoVision, Intellivision, nyingi zikiwa na picha zilizopunguzwa mpaka zikakosa ladha, na mwaka uleule wa 1983 soko la michezo Marekani likaporomoka. Sega ilipotafuta tena sura ya kuiwakilisha, mwaka 1986 ilimleta mtoto wa masikio makubwa aitwaye Alex Kidd, kisha mwaka 1991 ikampata Sonic, kalunguyeye wa bluu, na hapo hadithi ikaisha. Donkey Kong bado anafanya kazi. Mwaka 2025 Nintendo ilimtolea mchezo mpya mkubwa. Bongo hana kazi. Yumo kwenye makusanyo ya wapenzi wa vitu vya zamani, basi.

Sasa tuje kwenye hiyo Kongo yenyewe iliyomo ndani.

Nazi, kwanza. Hakuna mnazi Mikeno. Gorila wa milimani anakula mianzi michanga, majani ya porini, upupu, magome; nazi hajawahi kuiona, na ukimpa hatajua aanzie wapi. Hilo ni la kuchekesha na linasameheka. Vifaru hawachekeshi. Mchezo ulipotoka, Kongo kweli ilikuwa na vifaru, lakini si hapa: walikuwa Garamba, kaskazini-mashariki kabisa, vifaru weupe wa kaskazini, na kufikia mwaka 1984 walibaki kama 15 tu. Miaka ya 2000 walitoweka. Dume wa mwisho wa jamii hiyo, aliyeitwa Sudan, alifia Kenya, Ol Pejeta, Machi 2018. Juni 2023 vifaru 16 wa jamii ya kusini waliletwa Garamba kutoka Afrika Kusini, na hao ndio vifaru wa Kongo kwa sasa. Viboko nao: Virunga, upande wa Ziwa Edward, ilikuwa na viboko karibu 30,000 miaka ya 1970, pengine kundi kubwa kuliko yote Afrika. Kufikia mwaka 2005 walikuwa chini ya 1,000. Bunduki za vita na njaa ya nyama vilifanya kazi hiyo.

Gorila ndiye aliyeongezeka, na jambo hilo linashangaza. Sensa ya mwaka 1981, mwaka wa Donkey Kong, ilihesabu gorila wapatao 254 katika milima yote ya Virunga, pande zote za mipaka. Sensa ya 2015 na 2016 ilihesabu 604. Kati ya wanyama wote waliochorwa na Sega, yule aliyefanywa mchekeshaji ndiye aliyepona. Kwa nini amepona, nitarudi huko.

Jambo jingine linalonifurahisha, na sijaona mtu akilitaja, ni kwamba mwaka 1983 nchi yetu haikuitwa Kongo. Tangu 1971 Mobutu alikuwa ameshaiita Zaire: nchi Zaire, mto Zaire, fedha zaire. Neno Kongo lilikuwa la kunong'onezwa, au la majirani wa Brazzaville. Mwaka uleule, mwezi Septemba, zaire ya fedha ilishushwa thamani vibaya, wazee wetu wanaikumbuka Septemba ile kwa bei ya chumvi na sabuni. Huko Marekani watoto wakitumbukiza sarafu kuingia Congo, huku hakuna aliyekuwa nayo Kongo, na sarafu zetu nazo zilikuwa zimegeuka vyuma. Kongo ya mchezo haikuwa nchi. Ilikuwa jina la pori.

Na pori hilo halina mtu. Hili ndilo nililotaka kulifikia. Pitia hatua zote nne, tazama kila kona: nyani, nyoka, nge, kifaru, kiboko, samaki, gorila, na mzungu mmoja. Hakuna shamba, hakuna njia ya miguu, hakuna moshi wa jiko. Watengenezaji hawakumchora Mkongomani vibaya kama katuni za zamani za Ubelgiji zilivyofanya. Hawakumchora kabisa.

Kibumba inalijua jambo hilo kuliko kijiji chochote, kwa sababu Kibumba ndipo wazungu wa gorila walipokuwa wanaanzia safari. Kati ya Mikeno na Karisimbi kuna uwanda mdogo wa majani uitwao Kabara. Mmarekani Carl Akeley alikuja kwenye miteremko hii mwaka 1921, akaua gorila akawapeleka makumbusho ya New York, ambako wangali wamesimama nyuma ya kioo wakiwa na volkano zetu zimechorwa nyuma yao. Kisha moyo wake ukageuka, akamshawishi Mfalme Albert wa Ubelgiji ailinde milima hii, na mwaka 1925 hifadhi ikazaliwa, ya kwanza Afrika ya aina yake. Akeley alirudi 1926, akaugua, akafia Kabara mwezi Novemba, akazikwa hukohuko. Mwaka 1959 akaja George Schaller, akaishi Kabara akiwatazama gorila bila bunduki. Januari 1967 akaja Dian Fossey, gari likaachwa Kibumba, wapagazi wa Kibumba wakabeba mizigo, wakapanda naye kwa saa nyingi hadi Kabara. Miezi michache baadaye machafuko ya nchi yalimshusha mlimani, akahamia upande wa Rwanda. Kitabu chake mashuhuri kilitoka 1983. Mwaka wa Congo Bongo.

Majina hayo matatu utayapata kwenye kamusi elezo yoyote ya ulimwengu. Lakini kuna la nne. Fossey mwenyewe anamtaja mfuatiliaji nyayo aitwaye Sanwekwe, Mkongomani aliyemfundisha kusoma njia za gorila: kinyesi cha lini, majani yamelala upande gani, harufu ya dume. Sanwekwe huyo alikuwa amefanya kazi na Schaller. Na kabla ya hapo, akiwa kijana mdogo, alikuwa amefuata nyayo kwa ajili ya Akeley. Fikiri: wagunduzi watatu, vizazi viwili na zaidi, na mtu mmoja aliyewaonyesha wote njia. Kama kuna aliyekuwa akijua mchezo huo hatua zote, ni yeye. Hema za wageni wake zilipanda mlima juu ya vichwa na migongo ya watu wa Kibumba, pamoja na masufuria, mataa, vyakula vya kopo na karatasi za kuandikia uvumbuzi. Mtu wa safari hakuwahi kuwa peke yake porini hata siku moja. Alikuwa na msafara.

Najua jibu litakalokuja. Utaambiwa mchezo ule ulikuwa na kumbukumbu finyu, mashine isingeweza kubeba watu wengi, tena ni utani wa watoto, mbona unautafutia makosa? Ningekubali kama udogo wa mashine ndio uliokuwa kizuizi. Lakini mashine zimekua. Mwandishi wa Marekani Michael Crichton alikuwa na riwaya ya mwaka 1980 iitwayo Congo, yenye gorila anayezungumza kwa ishara, na alitaka kuifanya mchezo wa kompyuta. Akagundua haki za riwaya hiyo alishaziuza. Alifanya nini? Alihamisha pori zima Amerika Kusini, gorila akamgeuza kasuku, mchezo ukatoka 1984 kwa jina la Amazon. Pori ni pori, kwa maoni yao. Unalikunja kama mkeka unalitandika bara jingine. Mwaka 2009, mashine zikiwa na uwezo wa kuchora kila jasho la uso, Capcom ilitoa Resident Evil 5: mji wa kubuni unaosemekana uko Afrika Magharibi, na wakazi wake, wakiwa wamepagawa, wanapiga kelele kwa Kiswahili. Kiswahili cha Afrika Magharibi! Hapo kumbukumbu ya mashine haikupungua. Aliyekosekana ni mtu wa kuulizwa.

Wala tabia hiyo haipo kwenye michezo peke yake. Tarehe 22 Februari 2021, barabarani karibu na Kibumba, msafara wa Shirika la Chakula Duniani ulivamiwa. Waliuawa watatu: balozi wa Italia Luca Attanasio, mlinzi wake Vittorio Iacovacci, na dereva Mustapha Milambo. Nenda katafute vichwa vya habari vya wiki ile. Vingi vilisema balozi na mlinzi wake, halafu "dereva", bila jina, kana kwamba gari lilikuwa linajiendesha.

Turudi kwenye hema, maana Kibumba si mahali pa kuchekea hema linaloungua.

Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu karibu milioni moja walivuka mpaka kuingia Goma ndani ya siku chache. Wengine walipelekwa Kibumba. Kambi ikawa mji wa karatasi za plastiki wenye watu karibu 200,000, juu ya mwamba wa lava usiochimbika: choo hakichimbiki, kaburi halichimbiki, na maji hakuna, yanaletwa kwa malori. Kipindupindu kikaua kadiri kilivyotaka. Watu hao walihitaji kupika, na kuni zilikuwa sehemu moja tu, hifadhini. Kila siku makumi ya maelfu kutoka kambi zote za ukanda huu waliingia msituni kukata. Mwaka huohuo Virunga iliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mwishoni mwa Oktoba 1996 kambi ya Kibumba ilishambuliwa ikabaki tupu, na waliokuwamo wakakimbia tena.

Mwaka 2022 ikawa zamu ya wenyeji. Mapigano ya waasi wa M23 na jeshi yaliwateremsha watu wa Kibumba na wa Rutshuru hadi Kanyaruchinya, mlangoni mwa Goma, wakalala kwenye vibanda vya majani na plastiki juu ya lava ileile. Desemba ya mwaka huo Kibumba ilikabidhiwa kwa sherehe kwa kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, picha zikapigwa, na vita vikaendelea. Januari 2025 Goma nayo ikachukuliwa na M23, na mwezi uliofuata kambi za wakimbizi wa ndani kandokando ya mji zikafumuliwa. Waliokuwa wa Kibumba wakapanda barabara kurudi, kila mmoja na plastiki yake kichwani.

Ukishayajua hayo, ule mwanzo wa mchezo unakuwa na ladha nyingine mdomoni. Siulaumu. Wajapani wale hawakuwa wakituwaza sisi, na hilo ndilo ninalosema.

Niliahidi kurudi kwa gorila aliyepona. Hakupona kwa bahati. Julai 2007 familia ya Rugendo ilishambuliwa kwa risasi huko Bukima, na dume lao kubwa, Senkwekwe, jina linalofanana mno na la yule mfuatiliaji nyayo wa zamani, likauawa. Nyayo za mauaji hayo zilielekea kwenye biashara ya makala, huu mkaa ambao Goma nzima inaupikia. Msitu ukilindwa, kuna watu wanakosa fedha nyingi. Mwaka huohuo mtoto wa gorila aitwaye Ndakasi aliokotwa ameng'ang'ania maiti ya mama yake. Alilelewa na mlinzi André Bauma kwa miaka 14, akawa mashuhuri duniani mwaka 2019 kwa picha moja amesimama nyuma ya walinzi kama binadamu aliyechoka, na Septemba 2021 akafa mikononi mwa Bauma. Picha ya dakika hizo za mwisho ilizunguka dunia nzima. Safari hii, katika hadithi ya gorila wa Kongo, Mkongomani alikuwa katikati ya picha na jina lake chini yake. Walinzi zaidi ya 200 wa hifadhi hiyo wameuawa kazini katika historia yake, 12 kati yao kwa siku moja, tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, makao makuu ya hifadhi. Gorila wameongezeka kwa sababu kuna watu wamewafia.

Na walio nje ya uzio nao wana yao ya kusema. Mwaka 1925 mpaka wa hifadhi haukuchorwa kwa kuwauliza wenye mashamba, na ugomvi wa mpaka ungali hai hadi leo, Kibumba na kwingineko. Mama anayelima kabichi mita chache kutoka kwenye uzio hawezi kufurahia gorila kwa namna anavyomfurahia mtalii aliyelipa mamia ya dola kumwona kwa saa moja. Ana hoja. Mchezo wa video wenye akili ungeweza kuibeba hoja hiyo vizuri kuliko hotuba.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Vijana wa Goma wanacheza. Kila mtaa wenye umeme una chumba chenye televisheni na konsoli, na kelele za mpira wa FIFA zinasikika barabarani. Ndani ya konsoli hizo na simu hizi kuna tantali, inayotoka kwenye koltani. PlayStation 2 ilipotoka mwaka 2000 bei ya tantali ilipanda mara kadhaa duniani, na watu wa Kivu waliisikia bei hiyo kwa milio ya bunduki. Machimbo ya Rubaya, kule Masisi, peke yake yanakadiriwa kutoa asilimia 15 hivi ya koltani ya dunia. Kwa hiyo Kongo imo ndani ya kila mchezo, kwenye chuma chake. Kwenye hadithi ndiko tusikoonekana.

Wenzetu wameshaanza. Kenya ilitoa Ma3Racer, mchezo wa kuendesha matatu, na mwaka 2015 Nairobi X. Kola Studios ya Kampala iliuchukua mchezo wa karata uitwao Matatu unaochezwa vijiweni ikauweka kwenye simu. Kameruni, Kiro'o Games ilitoa Aurion mwaka 2016, hadithi ya upanga na mizimu iliyotokana na simulizi za Kiafrika. Si yote mizuri. Baadhi ina kasoro nyingi kuliko Congo Bongo. Lakini ukiangalia ndani, kuna watu.

Sisi tuna chukudu. Sijui mchezo gani unaohitaji kubuniwa wakati chukudu ipo. Baiskeli ya mbao isiyo na pedali, magurudumu ya mti yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, inashuka kutoka Kibumba hadi Goma ikiwa na magunia ya viazi na kabichi yaliyopangwa mpaka yanamzidi mwendeshaji kimo, naye amepiga goti moja juu yake, breki yake ni kipande cha mpira na imani. Sanamu yake ya rangi ya dhahabu imesimama kwenye mzunguko wa barabara hapa mjini. Mteremko upo. Kasi ipo. Uzito wa mzigo unabadilisha jinsi inavyokata kona. Kuna mashimo, malori, mbuzi, mvua ya ghafla, ukungu wa asubuhi. Kuna bariere, vile vizuizi vya barabarani: mwaka 2017 watafiti wa IPIS ya Ubelgiji walihesabu karibu 800 katika Kivu mbili, kila moja na kamba yake, mwenye kamba na bei yake. Hizo ni hatua za mchezo ambazo Sega isingeweza kuziota. Na kurudi ni kusukuma mlima, mzigo ukiwa umekwisha na fedha zikiwa zimepungua kuliko ulivyopiga hesabu asubuhi.

Hata ule mtazamo wa mshazari niliousema vibaya ungefaa hapa. Mteremko wa Kibumba ukiuangalia kutoka juu, matuta ya mashamba yakishuka hatua kwa hatua, ni mlima wa Congo Bongo kabisa, ila una watu: anayelima, anayeuza mahindi ya kuchoma, askari anayenyoosha mkono, mlinzi wa hifadhi anayepita na pikipiki. Gorila naye awemo, juu kabisa, ndani ya mianzi, na asirushe kitu.

Ombi langu basi ni kwa vijana wanaosoma kuandika programu katika vyuo vyetu vya Goma na Bukavu, na kwa wale wanaojifundisha wenyewe kwa simu umeme unapokuja. Ucheze Congo Bongo, hauchukui muda, na programu za kuuendesha zipo. Ujifunze vivuli vyake, ukwepe miguu yake. Kisha uandike wa kwako uanzie Kibumba, na mbeba hema umpe jina.